Kabla Hujagusa Skrubu: Kurekebisha Mita ya Mwanga ya Kamera ya Filamu

Negativu iliyokosa mwanga utaijua hata kabla haijakauka. Mwaka jana nilitundika bafuni roli mbili nilizopiga kwenye harusi ya binamu yangu kule Mikindani, karibu na Mtwara, nikaziangalia dhidi ya taa. Kanzu ya bwana harusi ilionekana vizuri, imejaa weusi kama inavyotakiwa kwenye negativu. Wazee waliokaa barazani nyuma yake hawakuwepo. Mahali pa nyuso zao palikuwa plastiki tupu.

Kamera ilikuwa ya baba mdogo, ya Kijapani, ya miaka ya 1970, yenye mita ya mwanga ndani yake. Ukichungulia dirishani unaona mshale mwembamba ukipanda na kushuka, nawe unazungusha tundu la lenzi au kasi ya shata mpaka mshale ukae katikati. Siku ya harusi mshale ulikaa katikati kila mara, maana niliuangalia kwa makini. Nikaamua kwamba mita imezeeka. Nikafungua bamba la chini kwa bisibisi ya saa, nikaona skrubu ya shaba ndogo kuliko punje ya mchele, imezibwa kwa tone la rangi nyekundu. Nikaibandua ile rangi na kuizungusha skrubu robo duara. Roli iliyofuata ikatoka na ugonjwa mpya: picha za juani sawa, za ndani ya nyumba zimeungua.

Mita haikuwa mbovu. Kulikuwa na makosa mawili, moja la betri na jingine la kanzu, na yote mawili yalivuta upande mmoja. Hakuna hata moja lililokaa kwenye skrubu ile. Ndiyo maana naandika: neno "mita imekosea" linafunika mambo manne au matano yasiyofanana, na kila moja lina dawa yake. Ukilipa moja dawa ya jingine unaharibu kifaa kilichokuwa kizima.

Mita haijui kanzu

Mita ya ndani ya kamera haipimi mwanga unaoshuka kutoka angani. Inapima mwanga unaorudi kutoka kwenye kitu ulichokielekeza. Kanzu nyeupe chini ya mwembe na koti jeusi juani vinaweza kurudisha mwanga uleule, na mita haina njia ya kuvitofautisha. Kwa hiyo walioitengeneza waliipa dhana moja tu ya kuishi nayo: chochote kilicho mbele yako, kichukulie kuwa ni cha wastani, si cheupe wala cheusi, kijivu cha kati. Kadi za kijivu zinazouzwa kwa wapiga picha hurudisha asilimia 18 ya mwanga unaozipiga, na huo ndio wastani uliozoeleka.

Sasa ielekeze mita hiyo kwenye mabwawa ya chumvi ya pwani yetu. Itaona mwanga mwingi, itadhani ni kitu cha kijivu kilichomulikwa kupita kiasi, itakuambia ufunge tundu. Ukitii, chumvi itatoka ya kijivu na mtu aliyesimama katikati yake atakuwa kivuli. Ielekeze kwenye uso mweusi uliojaza fremu nzima, nayo itafanya kinyume: itakuambia ufungue, na uso utatoka umepauka. Wazee wangu wa barazani walipotea hivyo. Kanzu ndiyo iliyojaza katikati ya fremu, mita ikaitii kanzu.

Kurekebisha mita kwa sababu ya kanzu ni kama kupinda mizani ya ghalani kwa sababu gunia la korosho limelowa. Mizani ni sawa, kilichowekwa juu yake ndicho kina tatizo. Kwa hiyo jaribio lolote la mita lianze na kitu ambacho unajua kinarudisha nini. Kadi ya kijivu ndiyo bora. Ukiikosa, tumia kiganja chako, lakini si kwa ile kanuni inayosema kiganja huzidi kijivu cha kati kwa stopu moja. Viganja vyetu ni vyeupe kuliko migongo ya mikono, ila havilingani kati ya mtu na mtu. Azima kadi siku moja, pima kadi kisha pima kiganja papo hapo penye mwanga uleule, andika tofauti. Tofauti hiyo ni yako na hutembea nayo popote.

Na kwa asiyezoea neno stopu: ni hatua moja ya kuongeza mwanga mara mbili au kuupunguza nusu. Kutoka shata ya 1/125 kwenda 1/250 ni stopu moja. Kutoka tundu la f/8 kwenda f/11 ni stopu moja. Kutoka ISO 200 kwenda ISO 400, yaani namba ya wepesi wa filamu kushika mwanga, vilevile.

Jicho la namna gani

Mita za kamera za zamani zina macho ya kupimia mwanga ya namna tatu, na kabla ya lolote jua lako ni lipi.

La kwanza ni la seleni. Hili halitaki betri. Mwanga ukiligusa linazalisha umeme wake lenyewe, kidogo sana, wa kutosha kusukuma mshale. Utalitambua kwa kioo chenye vinundu vingi kama jicho la nzi, ama juu ya lenzi ama kuizunguka. Zenit-E ya Urusi, iliyoanza kutengenezwa Krasnogorsk mwaka 1965, inalo. Olympus Trip 35 inalo pia. Adui yake ni unyevu, ambao hula ule mguso mwembamba unaokusanya umeme juu ya seli. Pwani hii ya chumvi haiyafai macho hayo. Seli ya seleni iliyofifia hairudishiwi ujana. Unaweza kupunguza ukinzani uliowekwa kwenye njia yake ili mshale upate nguvu zaidi, lakini iliyokufa imekufa.

La pili ni la kadimiamu salfaidi, na hili ndilo lililojaa kwenye kamera za miaka ya 1960 na 1970. Halizalishi umeme. Ni rezista inayobadilika: gizani inazuia umeme sana, penye mwanga inaachia. Kwa hiyo linahitaji betri, na hapo ndipo shida nyingi zinapozaliwa, nitazifikia. Lina tabia nyingine ya kujua: linakumbuka. Ukitoka juani ukaingia chumbani, mshale hautulii papo hapo. Linabaki na kumbukumbu ya jua kwa muda, hasa kwenye mwanga hafifu. Anayepima ndani sekunde tano baada ya kutoka nje anaandika namba ya uongo. Subiri dakika moja au mbili, ukitazama mshale mpaka uache kutambaa.

La tatu, la silikoni, lilikuja baadaye, ni jepesi kushtuka na halina kumbukumbu hiyo. Likiharibika, mara nyingi tatizo ni la bodi ya umeme, na huyo ni mgonjwa wa fundi.

Volti moja na nukta tatu tano

Kamera nyingi zenye jicho la pili ziliundwa kwa ajili ya betri ya zebaki, ile ndogo ya kifungo iliyoandikwa PX625 au jina linalokaribiana. Betri hiyo ilikuwa na sifa moja iliyowafanya wahandisi waipende: ilitoa volti 1.35 na kubaki hapo hapo karibu maisha yake yote, halafu ikafa ghafla. Kwa kuwa volti haikuyumba, wengi hawakuona haja ya kuweka sakiti ya kuitawala. Betri yenyewe ndiyo ilikuwa kipimo.

Zebaki ni sumu, na betri hizo ziliondolewa sokoni nchi baada ya nchi. Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013, uliopewa jina la mji wa Japani uliosumbuliwa na sumu hiyo, uliweka mwaka 2020 kuwa mwisho wa karibu betri zote za namna hiyo. Ukikuta moja imebaki ndani ya kamera ya kurithi, usiichome wala usiitupe baharini. Itie kwenye chupa yenye kifuniko.

Kilichobaki madukani kinaingia kwenye tundu lilelile lakini si kitu kilekile. Betri ya alkalaini inaanza na volti 1.5 na kushuka polepole kadiri inavyotumika. Mshale unasukumwa kwa nguvu zaidi ya inavyotakiwa, kamera inadhani mwanga ni mwingi, unafunga tundu, negativu inakosa mwanga. Mbaya zaidi, kosa halilingani. Kwenye sakiti nyingi za namna hii volti ikizidi, kosa juani si sawa na kosa kivulini, na wiki ijayo betri ikichoka yote mawili yatakuwa yamehama. Ndicho nilichokifunga kwa skrubu yangu: niliisawazisha juani, kivulini ikaenda mrama.

Nilikwenda kwa fundi saa mmoja sokoni Mtwara, mtu mzima aliyezungukwa na saa zisizotembea.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Ya saa ya mkononi au ya ukutani?"

"Ya kamera. Nataka ya volti moja na nukta tatu tano."

Akaniangalia juu ya miwani. "Hizo zilikuwa na zebaki, zimekwisha zamani." Akachomoa vikaratasi viwili vya betri zinazofanana kama pacha, akanionyesha maandishi. "Hii LR44 ni ya bei rahisi, inachoka kidogo kidogo. Hii SR44 ni ya fedha. Haichoki polepole. Inakaa hapo hapo mpaka siku inakufa."

Alisema kwa maneno machache jambo lililonichukua miezi kulielewa. Betri ya oksidi ya fedha inatoa volti 1.55 na kubaki nayo, kama zebaki ilivyobaki na 1.35. Namba imezidi, lakini haiyumbi, na kitu kisichoyumba unaweza kukirekebisha. Fundi redio yeyote anaweza kuchomea kwenye waya wa betri daiodi ndogo ya Schottky, ambayo kwa umeme mdogo namna hii hula takriban volti 0.2. Toa 0.2 kwenye 1.55, umerudi kwenye 1.35. Mkumbushe asitumie daiodi ya kawaida ya silikoni; hiyo hula takriban volti 0.5 na mshale utasoma chini mno.

Njia nyingine ni betri za zinki na hewa zinazotumika kwenye vifaa vya kusaidia kusikia, namba 675. Zinatoa kama volti 1.4, karibu kabisa na zebaki, bila kuchomea chochote. Ni nyembamba kuliko PX625 kwa upana, kwa hiyo hucheza ndani ya tundu. Mimi hukata pete kwa kipande cha kandambili, inakaa vizuri na haipitishi umeme. Hakikisha tu hujaziba vile vitundu vidogo vya hewa. Ukishabandua stika yake betri imeanza kuishi na kufa kwa wakati mmoja, hata usipopiga picha, na wiki chache baadaye unahitaji nyingine. Kwa aliyepo Newala au Liwale, ambako hata hizo za fedha unaagiza kwa mtu anayesafiri, naona daiodi ndiyo jibu la kudumu.

Zipo kamera zisizojali. Pentax Spotmatic, iliyotoka mwaka 1964, ina sakiti ya daraja, yaani pande mbili zinazopimwa kwa kulinganishwa, na volti ikizidi inazidi pande zote mbili. Matokeo hayabadiliki sana. Pentax K1000 ya mwaka 1976 iliundwa kutumia betri za volti 1.5 tangu mwanzo. Kabla hujaanza kutafuta daiodi, jua kamera yako iko kundi gani.

Na kabla ya yote haya, fungua tundu la betri utazame miguso. Ukungu wa kijani au mweupe unatosha kupoteza sehemu ya volti njiani. Betri hizi zikivuja hutoa kitu chenye ukali wa magadi, na dawa yake ni asidi laini: tone moja la ndimu au siki kwenye pamba ya kijiti, si zaidi, kisha pamba nyingine yenye maji kidogo, kisha spiriti ikauke. Baada ya hapo sugua mguso kwa kifutio cha penseli mpaka ung'ae. Huku kwetu kuna jambo jingine: msimu wa kupuliza salfa kwenye mikorosho, ule unga wa njano hupenya popote, na salfa huifanya shaba na fedha kuwa nyeusi. Mimi huifunga kamera kwenye mfuko wa plastiki miezi hiyo nikienda Tandahimba.

Jua la Mtwara kama kipimo

Sasa betri ni sahihi na miguso ni safi. Unahitaji kitu cha kulinganisha nacho, na ulicho nacho bure ni jua. Kanuni ya wapiga picha wa zamani inasema: jua likiwa wazi na kivuli kikiwa na kingo kali, weka tundu f/16, na kasi ya shata iwe sawa na ISO ya filamu. ISO 100, shata 1/125. ISO 400, shata 1/500. Kwenye chumvi au mchanga mweupe funga hadi f/22. Kivuli kikiwa laini fungua hadi f/11. Mawingu yasiyoacha kivuli, f/8. Kivuli cha nyumba kilicho wazi kwa anga ni stopu tatu hadi nne chini ya jua. Kanuni hii inaaminika kwa sababu jua lenyewe halizeeki, wala halina betri.

Lakini inataka kusomwa kwa latitudo yetu. Mtwara na Lindi ziko karibu na nyuzi 10 kusini, kwa hiyo jua hupita utosini kabisa mara mbili kwa mwaka, karibu na tarehe 20 Oktoba na tena karibu na tarehe 22 Februari. Siku hizo saa sita mchana unakikanyaga kivuli chako. Mwanga unashuka wima, unapiga vichwa, mabega na mchanga. Ukuta na uso vinaguswa ubavuni tu. Ukisimamisha kadi ya kijivu wima mbele ya kamera saa hiyo, kadi inapata mwanga wa anga na ule unaoruka kutoka ardhini, lakini jua lenyewe linaiteleza. Mita itakuambia mwanga ni mdogo kuliko f/16 kwa stopu kadhaa, nawe utadhani mita ni mbovu. Imesema kweli.

Kwa hiyo pima saa tatu na nusu asubuhi, au saa tisa alasiri, jua likiwa nyuma yako. Shika kadi iangalie jua moja kwa moja, kisha igeuze kidogo kukuelekea mpaka ule mng'ao wa juu yake upotee. Sogea mpaka kadi ijaze fremu bila kivuli cha kichwa chako. Lenzi iache imefokasi mbali; haihitaji kuona kadi vizuri, inahitaji kuona kijivu tu. Chagua siku ya anga la bluu. Septemba na Oktoba watu wakichoma mashamba, moshi hutanda na jua hupungua bila wewe kujua.

Kuna mtego mmoja ambao karibu kila mtu huuangukia, nami niliuangukia. Kamera zinazopima kupitia lenzi, ambazo Topcon RE Super ya mwaka 1963 ilizitangulia, nyingi zina jicho lao karibu na kile kidirisha cha kuchungulia. Ukitii maelekezo yangu ukasimama na jua nyuma yako, jua hilohilo linaingia kwa kidirisha, linafika kwenye jicho, na mshale unapanda. Ukivaa miwani ni zaidi, kwa sababu jicho lako halizibi. Jaribu: elekeza kamera kwenye kadi, tazama mshale, kisha zungushia mkono ukingo wa kidirisha kama unavyokinga kiberiti upepo wa kusi. Mshale ukishuka, umekamata mwizi. Kwenye kamera ya baba mdogo ulishuka karibu nusu stopu.

Ukishapata namba ya jua, usiishie hapo. Mita inaweza kuwa sawa juani na kukosea kila mahali pengine. Pima kadi hiyohiyo kwenye kivuli kilicho wazi, kisha barazani, kisha ndani karibu na dirisha, na kila mahali linganisha na mita nyingine: ya rafiki, kamera ya kidijitali, au programu ya simu. Simu si mbaya kwa kazi hii, ilimradi kwanza umeihakikisha juani kwa kanuni ya f/16 na unaielekeza kwenye kadi tu. Usishtuke zikitofautiana kidogo. Watengenezaji wenyewe hawakukubaliana: Canon, Nikon na Sekonic walisawazisha kwa namba ya kiwanda ya 12.5, Minolta na Pentax kwa 14, na tofauti hiyo ni karibu moja ya sita ya stopu. Mita mbili nzima zinaweza kupishana kiasi hicho na zote zikawa sahihi.

Andika tofauti kwenye karatasi kwa mpangilio wa mwanga, kutoka juani hadi ndani. Karatasi hiyo ndiyo itakayokuambia la kufanya, na naiamini kuliko sikio la fundi yeyote. Kama mita inazidi kwa stopu moja juani, moja kivulini, moja ndani, hilo ni kosa linalolingana. Kama ni mbili juani, moja kivulini, sifuri ndani, hilo ni kosa la mteremko, na karibu kila mara linatokana na volti isiyo sahihi au jicho linalochoka. Kama namba zinarukaruka na ukipima mara ya pili hupati ileile, rudi kwenye miguso, au gurudumu la ISO, ambalo ndani yake lina kisugulio kinachopata kutu. Lizungushe huku na huku mara thelathini. Mara ngapi nimeona mita "mbovu" ikipona kwa hilo!

Kosa linalolingana halihitaji bisibisi. Mita inayosema mwanga ni mara mbili ya ulivyo, iambie filamu ni ya nusu ya kasi yake: una ISO 400, weka gurudumu kwenye 200, na kila jibu litakuwa sahihi. Inayokosea upande wa pili, weka 800. Kwa filamu ya negativu usihangaike na kosa lililo chini ya nusu stopu, hasa likielekea kuzidisha mwanga, kwa sababu negativu huvumilia kuzidishwa kuliko kupunjwa. Filamu ya slaidi haina uvumilivu huo.

Kabla ya kuihukumu mita kwa picha zenyewe, kumbuka kuna shahidi mwingine. Grisi ya shata hukauka kwa miaka, na iliyoandikwa 1/30 inaweza kukaa wazi kwa 1/15. Mita itakuwa sahihi na negativu itakuwa nzito. Rekodi shata kwa simu yenye mwendo wa polepole wa picha 240 kwa sekunde, kifuniko cha nyuma kikiwa wazi, kamera ikielekezwa dirishani: 1/30 inatakiwa kuonekana kwenye picha nane hivi. Kwa 1/500 njia hii haifai, inataka kifaa cha fundi.

Skrubu ni ya mwisho, na ni ya kosa la mteremko lililobaki baada ya betri kuwa sahihi. Kamera yenye flashi ya ndani usiifungue kabisa. Kapasita yake huweka volti mamia hata betri ikiwa imetolewa. Kwa nyingine, piga picha ya ndani kwa simu kwanza, kisha chora mstari mwembamba kwa kalamu ya kudumu unaopita kutoka kichwa cha skrubu hadi kwenye bamba, ili ujue nyumbani kwake ni wapi. Mara nyingi kuna rezista mbili za kurekebishia: moja inagusa zaidi mwanga mkali, nyingine mwanga hafifu, na kila ukisogeza moja nyingine inahama kidogo. Unaanza na ya mwanga hafifu, unakwenda ya mkali, unarudi, unakwenda tena, kila mara kwa upana wa unywele, mpaka namba zote mbili zikae. Inataka mwanga usiobadilika. Jua la saa tisa linashuka ukiwa bado unahangaika, kwa hiyo mimi hutumia skrini nyeupe ya tableti, lenzi ikiwa karibu kuigusa, nikipunguza na kuongeza mwanga wake huku mita niliyokwisha kuihakikisha ikisema kiasi.

Kamera ya baba mdogo sikuhitaji kufika huko. Mabaki ya ile rangi nyekundu yalikuwa bado yameganda nusu kwenye skrubu na nusu kwenye bamba. Nikaizungusha mpaka nusu mbili zikakutana. Fundi redio alichomea daiodi. Karatasi yangu sasa inasema theluthi ya stopu juani, theluthi kivulini, theluthi ndani, zote mita ikizidi. Gurudumu la ISO linakaa kwenye 320 kwa filamu ya 400. Jumamosi iliyopita nilirudi Mikindani, nikawakuta wawili kati ya wale wazee kwenye baraza ileile, mmoja amevaa kanzu. Nikanyoosha kiganja changu kwenye kivuli chao, nikapima hicho badala ya kanzu, nikatoa tofauti yangu, nikaomba ruhusa, nikapiga.

Nyuso zimetoka. Kwenye ya mwenye kanzu unaziona hata tarizi za kofia yake.